Mgonjwa wa Skizofrenia Anapojidhuru: Mwongozo Kamili kwa Wanaomuuguza Nyumbani

Kama mtu wako amejijeruhi, amemeza kitu, au anasema sasa hivi kwamba anataka kufa, acha kusoma. Usimwache peke yake. Tafuta usafiri umpeleke kituo chochote chenye huduma ya dharura. Si lazima iwe hospitali ya magonjwa ya akili. Namba ya dharura 112 inatumika Tanzania na Kenya. Kwa walio Kenya, Msalaba Mwekundu wanapatikana bure kwa 1199, na Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Tanzania, namba ya Wizara ya Afya ni 199.

Na kama mgonjwa ni wewe mwenyewe unayesoma, mtafute mtu mmoja leo umwambie hivi hivi: "Nina mawazo ya kujiumiza, naomba usiniache peke yangu." Maneno hayo yanatosha. Maelezo mengine yatakuja baadaye.

Sasa tuongee na familia. Mtu mwenye skizofrenia akijidhuru, nyumba nzima huuliza kwa nini ametufanyia hivi. Lipo swali lenye faida zaidi: saa ile, kichwani mwake, kulikuwa na nini? Kijana aliyeamriwa na sauti, binti aliyekata tamaa baada ya kuacha chuo, na baba ambaye dawa mpya zimemfanya ashindwe hata kukaa kitako, wote watatu wanaweza kufikishwa hospitali na majeraha yanayofanana. Tiba zao hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye kutafuta sababu.

Ugonjwa wenyewe, kwa kifupi

Skizofrenia ni ugonjwa unaovuruga namna mtu anavyopambanua lililo halisi na lisilo halisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unampata mtu 1 kati ya kila 345 duniani, jumla yao kama milioni 23. Mara nyingi huanza ujanani, kuanzia mwisho wa sekondari hadi miaka ya ishirini na kitu, na kwa wanaume huwahi kidogo kuliko kwa wanawake. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hushikilia imani ambazo ushahidi wowote hauzitikisi, mazungumzo yake hurukaruka, na taratibu hupoteza hamu na bidii. Hilo la mwisho ndilo majirani huliita uvivu. Naomba neno hilo lisitamkwe tena nyumbani mwenu, kwa sababu mgonjwa analisikia, na usiku sauti humrudishia.

Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi zinakadiria kwamba karibu 5 kati ya 100 hufariki kwa kujiua. Ni wengi mno ukilinganisha na watu wengine, na bado maana yake ni kwamba idadi kubwa kabisa hawafi hivyo. Wanaojidhuru bila kukusudia kufa ni wengi zaidi ya hao. Kujidhuru kwenyewe kuna sura nyingi, hata zile ambazo familia haizihesabu: kujigonga ukutani, kugoma kula siku kadhaa kwa kuwa sauti imekataza chakula, kukaa juani au kwenye mvua kama adhabu.

Hatua ya kwanza: jua kinachomsukuma

Anza na sauti. Si zote za hatari. Nyingine hutoa maoni tu, nyingine hutukana, na wapo wagonjwa wanaosema moja huwafariji. Za kuhofia ni zinazoamrisha. Hata hizo, wengi huzipinga kwa miaka. Hatari hupanda pale mgonjwa anapoamini kwamba mwenye sauti ana nguvu kumzidi yeye, kwamba asipotii watoto au wazazi wake watapata balaa, au pale anapokuwa amechoka kubishana nayo. Mkumbuke kwamba kwetu kumkatalia mzazi ni jambo zito. Kijana anayesikia sauti ya marehemu baba yake anapambana na amri ambayo malezi yake yote yalimfundisha kuitii. Usimwambie "si upuuzie tu".

Imani potofu nazo huua au kujeruhi bila huzuni yoyote kuonekana. Mtu anaweza kusadiki kwamba ndani ya mwili wake kumewekwa kifaa, au kwamba kiungo fulani kimetenda dhambi. Wapo wanaochukua neno kwa neno andiko la Mathayo kuhusu jicho linalokukosesha. Ukimsikia anarudiarudia habari ya kiungo kimoja cha mwili wake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anacheka na hajataja kifo.

Ya tatu ni kukata tamaa, na hii ina mtego. Mgonjwa akishapata nafuu, akili ikitulia, ndipo anapoona alichopoteza: shule, mchumba, kazi, heshima mtaani. Wanaoelewa vizuri ugonjwa wao, hasa vijana waliokuwa na matarajio makubwa, wako katika hatari kubwa zaidi wakati ambapo ndugu wanapumua na kusema sasa amepona. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, inayokuja baada ya sauti kunyamaza inatibika, lakini lazima mtu aione kwanza.

Wengine hujiumiza ili kelele za ndani zipungue kidogo, au ili wahisi chochote baada ya miezi ya kujiona kama gogo. Hawa huficha, kwa hiyo angalia mikono mirefu wakati wa joto na vidonda ambavyo kila siku vina hadithi mpya. Pombe, bangi na mirungi huchochea yote yaliyotajwa: huleta sauti, hufukuza usingizi na huondoa breki. Sababu ya mwisho, dawa zenyewe, nimeiwekea nafasi yake mbele kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Hatua ya pili: muulize, tena wazi

Watu wengi huogopa kwamba ukitaja kujiua utakuwa umempa wazo. Sivyo. Anayesumbuliwa na mawazo hayo mara nyingi hupata ahueni akiulizwa, kwa sababu alikuwa anayabeba peke yake.

Kwanza chagueni muulizaji. Si lazima awe mama, na pengine mama ndiye asiyefaa, kwa kuwa mtoto atamficha ili asimlize. Katika nyumba nyingi bibi au babu anaweza kusema na mjukuu kwa utani mambo ambayo mzazi hawezi kuyagusa. Kwingine ni mjomba, shangazi, au rafiki wa tangu shule. Tafuta saa tulivu, mkae ubavu kwa ubavu na si kumkodolea macho, televisheni izimwe. Kama anahofia kufuatiliwa, usikae kati yake na mlango.

Anza mbali, kisha usogee:

"Mwanangu, naona usiku hulali. Zile sauti zimekusumbua?"

"Zinakwambiaje?"

"Zimewahi kukuagiza ujiumize? Ukikataa, zinasema itakuwaje?"

"Kuna wakati unaona heri ufe?"

"Umeshafikiria utafanyaje? Leo hali iko vipi?"

Maswali mawili ya mwisho yana uzito wa pekee. Mtu anayesema "wakati mwingine natamani nisiamke" anahitaji miadi ya daktari siku za karibu. Mtu mwenye njia aliyoichagua, kifaa mkononi na siku aliyoipanga anahitaji hospitali leo, na asiachwe hata kwenda msalani peke yake mpaka afike. Vivyo hivyo anayesema hawezi tena kuikatalia sauti.

Usibishane naye kama sauti ipo au haipo. Ukimwambia "hakuna sauti hapo" amejifunza kutokukueleza tena. Ukimwambia "naisikia na mimi" umemdanganya na umeitia nguvu. Kauli inayofaa ni hii: "Mimi siisikii, ila naona inavyokutesa, na sitakuacha nayo." Pia usimpe ahadi ya siri. Mwambie mapema kwamba yakihusu uhai wake utamweleza daktari, na yeye atajua kabla hujafanya hivyo.

Akikujibu "sina lolote" huku macho yanasema mengine, muache, urudi jioni. Na mtu aliyekuwa na taabu kubwa akiwa ghafla mtulivu, akigawa nguo zake, akiwaomba radhi watu mmoja mmoja, usishukuru haraka. Muulize tena.

Hatua ya tatu: zijue nyakati mbaya

Hatari haigawanyiki sawa mwaka mzima. Miaka ya kwanza ya ugonjwa ni mibaya kuliko inayofuata. Wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ni mbaya mno, na hapo ndipo familia, ikiwa imechoka na imetumia pesa zote, hulegeza. Kabla hamjaondoka hospitali ombeni tarehe ya kliniki iliyo ndani ya wiki 1, na kama mnatoka mbali, ulizeni kama kituo cha afya cha karibu na kwenu kinaweza kumwona katikati.

Ipangieni wiki hiyo ya kwanza watu: nani analala chumba kimoja naye, nani anashinda naye mchana wengine wakiwa kazini, nani anaangalia dawa. Andikeni majina. "Tutamwangalia wote" maana yake hakuna anayemwangalia.

Nyakati nyingine za kuongeza macho ni alipoacha dawa, alipokosa usingizi usiku mbili tatu mfululizo, alipofiwa au kuachwa, na alipobadilishiwa dozi.

Hatua ya nne: nyumba iwe salama bila kuwa gereza

Msukumo wa kujidhuru huja kama wimbi, hupanda na kushuka, mara nyingi ndani ya dakika au saa chache. Kinachomwokoa mtu katika muda huo ni umbali kati yake na kitu cha hatari. Kwa hiyo dawa zote za nyumba, za kila mtu, ziwekwe kwenye sanduku la kufuli na mmoja atunze ufunguo. Mgonjwa apewe dozi ya siku, au ya wiki akishatulia. Viuatilifu vya shambani, dawa ya kuogeshea mifugo na sumu ya panya visikae ndani kabisa. Wakulima, tafuteni jirani au ghala la ushirika la kuwatunzia. Vyombo vya makali vihesabiwe na vifungiwe kipindi cha hatari. Komeo la ndani la bafuni na la chumba chake litolewe. Mjulishe unachofanya na kwa nini: "Tunaviweka mbali mpaka upate nafuu, kisha vitarudi." Akigundua mwenyewe kwamba mmemficha, na tayari anaamini anafanyiwa njama, mmeipa imani hiyo ushahidi.

Kumfunga kamba au mnyororo si ulinzi. Naelewa familia inavyofika hapo. Hakuna gari, hakuna dawa, mtu ana nguvu za watu watatu. Lakini kamba hainyamazishi sauti, inaleta vidonda, moto ukitokea hawezi kukimbia, na siku akifunguliwa hatamwamini tena aliyemfunga, yaani wewe mwenye dawa.

Hatua ya tano: dawa, na madhara yanayodhaniwa kuwa ugonjwa

Dawa ndizo zinazopunguza sauti na imani potofu, na hakuna hatua nyingine humu inayoweza kuziba pengo lake. Katika hospitali nyingi za umma utakutana na haloperidoli na klopromazini, olanzapini na risperidoni, na sindano ya flufenazini ambayo wengi huijua kwa jina la Modecate. Sindano hiyo huchomwa kila baada ya wiki kadhaa, mara nyingi 2 hadi 4, na ni msaada mkubwa kwa anayesahau au kutema vidonge: hamgombani kila asubuhi, na akikosa kliniki inajulikana. Akishapata nafuu baada ya tukio la kwanza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ziendelee angalau miezi 12. Waliougua mara kadhaa huhitaji muda mrefu zaidi.

Sasa lile linalosahauliwa. Siku au wiki chache baada ya kuanza dawa hizi, au baada ya kuongezewa dozi, mgonjwa anaweza kushindwa kutulia. Akikaa anasimama, akisimama anabadilisha mguu, anatembea uani usiku kucha, anasema damu inamchemka au kuna kitu kinamtambaa ndani ya mifupa. Madaktari huita akathisia. Ni mateso makali, na imehusishwa na mawazo ya kujiua kwa watu ambao hawakuwa nayo kabla. Nyumbani huonekana kama ugonjwa umepanda, kwa hiyo mlezi huongeza kidonge, au humkimbiza kituoni anakochomwa sindano nyingine ya aina ile ile. Moto unaongezewa kuni.

Namna ya kutofautisha: muulize kutotulia kuko wapi. Akikuonyesha miguu na mwili badala ya kichwa, akisema anatamani kutulia ila mwili haukubali, na kama mabadiliko ya dawa ni ya karibuni, rudini hospitali kesho yake na mtumie maneno hayo hayo. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza propranololi. Mwambieni kama mgonjwa ana pumu, maana hiyo haiwafai wenye pumu. Artane, kidonge ambacho hutolewa pamoja na haloperidoli, husaidia kukakamaa na kutetemeka, lakini kwa akathisia mara nyingi haifui dafu. Msiache dawa zote kwa pupa.

Kuna dhara jingine linalotisha zaidi kwa macho ingawa hutibika upesi: shingo inapinda, macho yanageuka juu, ulimi unatoka au taya inakaza. Nyumba zetu huita mapepo. Ni dawa. Sindano ya kuzuia athari hiyo humnyoosha mgonjwa kwa muda mfupi. Kulijua hili kunawaepusha na mkesha wa bure.

Klozapini inastahili aya yake. Ni dawa ya wagonjwa ambao dawa 2 tofauti, zikinywewa kwa dozi na muda wa kutosha, hazikuwasaidia, na pia ya wale ambao hatari ya kujiua haiondoki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliowafuata wagonjwa 980 kwa miaka 2, ulikuta kwamba waliopewa klozapini walijaribu kujiua mara chache kuliko waliopewa olanzapini, na Marekani ilikwishaiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2002. Kwa nini basi haitolewi ovyo? Kwa sababu kwa wachache hushusha seli nyeupe za damu hadi kiwango cha kuhatarisha maisha, hivyo damu hupimwa kila wiki katika miezi ya mwanzo. Ndiyo maana mtaipata zaidi hospitali kubwa za rufaa. Mkianzishiwa, shikeni mambo manne. Homa au koo kuuma ni hospitali siku hiyo hiyo. Choo kigumu kitibiwe mapema, kwani kwa dawa hii hufika pabaya. Akikosa dozi zaidi ya siku 2 asirudie kiwango cha zamani bila daktari. Na akiacha sigara ghafla daktari ajue, kwa kuwa kiasi cha dawa mwilini hupanda. Ukiona mgonjwa wako anajidhuru kila mara pamoja na dawa anazotumia, una haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, je, klozapini inaweza kumfaa?" Swali hilo haliulizwi mara za kutosha.

Dawa zikikosekana kituoni msisubiri zirudi. Nendeni na boksi tupu duka la dawa, na kama bei haiwezekani mrudi kwa daktari apange mbadala kabla pengo halijawa la wiki nzima.

Hatua ya sita: karatasi moja ya mpango

Hii huandikwa siku mgonjwa ametulia, yeye akiwa mwenye kalamu au mwenye maneno. Isizidi ukurasa mmoja. Yamo humo: dalili zake za mwanzo kabisa, anachoweza kufanya peke yake, pa kwenda au mtu wa kukaa naye, wa kumpigia simu kwa kufuatana, vitu vya kuondolewa, na hospitali. Mfano wa kubuni:

"Nikianza kufunga madirisha mchana na kukosa usingizi, ujue zinakuja. Nitavaa visikilizio nisikilize kaswida, nitahesabu kwa sauti. Zisipopungua nitaenda kibarazani kwa mjomba, hata kama ni usiku. Nitampigia dada, asipopokea shemeji. Naomba kisu cha jikoni kikae kwao. Zikisema nifanye na nikaona nitafanya, nipelekeni hospitali, msinipeleke kituo cha polisi."

Mbinu za kupunguza sauti hutofautiana kwa kila mtu. Kuimba au kusoma kwa sauti huwasaidia wengi, kwa kuwa mdomo ukishughulika sauti hupungua; wengine kutembea na mtu, wengine dhikri au zaburi. Wapo ambao ukimya ndio unaowaua, wapo ambao redio ndiyo inayoanza kuwasema. Jaribuni, muandike kilichofaa. Nakala moja abaki nayo, moja kwa mlezi, moja iwe picha kwenye simu za wote waliotajwa.

Hatua ya saba: akishajijeruhi

Sogea taratibu, sema kwa sauti ya chini, mtu mmoja tu aongee. Watoto na majirani watolewe. Kama ameshika kitu cha kuumiza na anakutisha, usipigane naye. Weka umbali na uite msaada.

Damu ikitoka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kitu kilichozama mwilini usikichomoe. Jicho likiumia, lifunike bila kulibana. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta viachwe. Aliyejigonga kichwa akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa kuliko kawaida yake, ni dharura.

Akiwa amemeza dawa au sumu, msimtapishe. Maziwa, mayai mabichi, mafuta ya kula, maji ya sabuni: yote hayo ambayo mtaa mzima utawashauri yanaweza kuingia kwenye mapafu na kuongeza tatizo. Mlazeni ubavu kama amelegea, chukueni chupa au pakiti iliyokutwa, nendeni. Msidanganyike akionekana mzima, kwani baadhi ya dawa za kawaida huharibu ini kimyakimya kwa siku kadhaa kabla ya dalili kubwa.

Tanzania, jeraha mara nyingi huleta suala la PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Aliye hatarini aende kutibiwa kwanza. Ndugu mmoja afuatilie fomu huku mwingine akibaki na mgonjwa. Kuhusu sheria, familia nyingi huficha kwa hofu ya kushtakiwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Hofu hiyo isiwafanye mbaki nyumbani. Mwelezeni mhudumu tangu mwanzo kwamba huyu ni mgonjwa wa skizofrenia, na muonyeshe kadi ya kliniki.

Kwa daktari semeni mambo, msitoe hukumu. "Amechanganyikiwa tena" haimsaidii mtu. "Sauti ya mwanamke inamwagiza tangu Jumanne, hajalala siku mbili, sindano ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita, dozi iliongezwa wiki iliyopita" inaweza kubadilisha tiba nzima. Ulizeni kama jeraha linahitaji sindano ya pepopunda. Na kabla ya kuruhusiwa ulizeni kama kuna haja ya kulazwa, au rufaa ya kwenda kwa wataalamu: Mirembe kwa walio Dodoma, Mathari Nairobi, Kidongo Chekundu Zanzibar, Butabika Kampala, Ndera Kigali, au idara ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa iliyo karibu. Ndugu wakisikia kidonda kimeshonwa hudhani shughuli imekwisha. Sababu iliyomsukuma bado haijaguswa.

Akirudi nyumbani asisemwe, asitiwe aibu mbele ya wageni, asilazimishwe kueleza kwa kila shangazi anayekuja kumpa pole. Atakayetaka habari amuulize mlezi, nje.

Sheikh, mchungaji na mganga

Mgonjwa atapelekwa kwao, mpende msipende; afadhali muwe nao upande mmoja. Mpelekeeni kiongozi wa dini maombi mawili: asimwambie mgonjwa aache dawa, na akisikia kutoka kwake habari za amri au kufa awapigie simu. Wengi hukubali. Mikesha mfululizo na kufunga kavu ni hatari kwake, kwani kukosa usingizi hufufua dalili. Ramadhani, daktari anaweza kusogeza dozi hadi baada ya futari au daku, ila mgonjwa asiyetulia ana ruhusa ya kutofunga, na sheikh akimwambia yeye mwenyewe inaingia zaidi kuliko ukimwambia wewe. Popote panapotumika viboko, minyororo, au dawa ya kunywesha mpaka mtu atapike, mtoeni siku hiyo.

Mlezi naye

Anayelala nusu macho miezi mitatu ataanza kukosea dawa na kufoka, na nyumba yenye kufoka na kusimangana huwarudisha wagonjwa hospitali mapema. Hili limeonekana katika tafiti za nchi nyingi. Kwa hiyo kupumzika kwako ni sehemu ya tiba yake. Gawaneni usiku. Walio mjini au ughaibuni wasioweza kuja wapewe jukumu lenye jina: mmoja anunue dawa kila mwezi, mwingine alipe nauli za kliniki, mwingine ampigie simu mgonjwa kila Jumapili wazungumze mpira. Na yule anayefanya kazi ngumu kuliko wote, mara nyingi mama au dada mkubwa, ashikiwe zamu angalau siku moja kwa wiki, atoke, asirudi na kukuta vyombo vinamngoja.